Kulala kwenye bembea ya kambi wakati wa kipupwe: mkeka, godoro la upepo au mfarishi wa chini?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo tunachambua vifaa vya kulalia kwenye bembea ya kambi, ile ya kitambaa chepesi cha nailoni inayofungwa kati ya miti miwili, na swali letu ni moja tu: ukiwa Lushoto, Mufindi au Njombe mwezi wa Juni au Julai, ni kifaa gani kitakachokuwezesha kulala hadi alfajiri bila kutetemeka? Jibu langu nalitoa mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Fedha yako itangulie kwenda chini ya mgongo, kisha itakayobaki ndiyo uinunulie cha kujifunika.

Sababu yake ni hii. Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kuizuia hewa iliyopashwa na mwili wako isiondoke, na hewa hiyo hukaa katikati ya manyoya au nyuzi zilizotuna. Ukizilalia, nyuzi hubanwa zikawa bapa, hewa hutoka, na kati ya mgongo wako na upepo wa usiku hubaki vitambaa vyembamba visivyozuia chochote. Aliyelala hemani ana ardhi chini yake, ambayo ni baridi lakini angalau haisogei, ilhali aliye kwenye bembea hupitiwa na upepo usiku kucha, na kila hewa inayoanza kupata joto hufukuzwa na nyingine. Tukumbuke kwamba bembea ni kifaa cha nchi za joto: Columbus aliikuta kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi mwaka 1492, na huko kupitisha hewa ndiyo iliyokuwa faida yake.

Hapo ndipo namba zilizochapishwa kwenye mfuko wa kulalia zinapowapotosha wengi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 hupimwa kwa sanamu ya mtu yenye vipasha joto, ambayo hulazwa juu ya mkeka, kwa hiyo mfuko ulioandikiwa nyuzi 5 za Selsiasi umeandikiwa hivyo kwa kuchukulia kwamba chini yake kipo kitu kinachozuia baridi. Utundike hewani bila kitu hicho, na ile namba haina maana tena.

Kuhusu baridi yenyewe, tusijidanganye kwa sababu tuko karibu na ikweta. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, huizidi Tanga mjini kwa baridi ya takriban nyuzi 9, na msitu wa Magamba uko juu zaidi ya hapo. Njombe iko karibu na mita 2,000, na huko Makete sakitu ya asubuhi si jambo la kumshangaza mwenyeji.

Tuanze na kifaa cha bei nafuu, yaani mkeka wa povu. Nitatumia mfano wa Therm-a-Rest Z Lite Sol kwa sababu unajulikana na wengi: una gramu 410, upana wa sentimita 51, na kipimo cha R cha 2.0. Kipimo hicho huonyesha uwezo wa mkeka kuzuia joto lisipite, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo mkeka unavyofaa kwa baridi kali zaidi. Mkeka wa aina hii hautoboki, haujali kulowa, na ukifika mahali pasipo na miti unautandika chini na kulala. Tatizo lake kwenye bembea ni umbo. Kipimo cha R huchukuliwa mkeka ukiwa umelazwa bapa, lakini bembea huukunja mwili na kuyakumbatia mabega, na sentimita 51 hazitoshi kuyafunika mabega ya mtu mzima yaliyobanwa na kitambaa. Utaamka mgongo ukiwa na joto na mabega yakiwa baridi. Zaidi ya hayo, mkeka huteleza kila unapogeuka, isipokuwa bembea yako iwe ya tabaka mbili, ambapo unauingiza katikati ya tabaka hizo ukatulia. Wapo wanaokata vipande vya povu na kuviunganisha kando ili kupata mabawa ya mabega, na kwa maoni yangu hilo ndilo rekebisho lenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Godoro la kujaza upepo sitalizungumzia kwa kirefu. Kipimo chake cha R mara nyingi hupita 4, na kwa karatasi linaushinda mkeka wa povu kwa mbali, lakini ndani ya bembea hukataa kujipinda, hivyo unalazimika kulijaza nusu tu. Hutoa kelele kila unapojisogeza na hukusanya jasho mgongoni. Kama unalo tayari kwa ajili ya hema, litumie. Usilinunue kwa ajili ya bembea.

Sasa tuje kwenye mfarishi wa chini, ambao ndio kiini cha uchambuzi huu. Ni duveti nyembamba iliyokatwa kwa umbo la bembea na kuning'inizwa kwa nje, chini yake, kwa kamba za mpira zinazofungwa kwenye ncha mbili. Kwa kuwa uko nje, uzito wako hauugusi. Manyoya hubaki yametuna, hewa hubaki ndani, na mabega hufunikwa pamoja na mgongo. Mtu aliyezoea mkeka akilala na mfarishi wa chini kwa mara ya kwanza huona kwamba bembea imerudi kuwa bembea, kwa maana unaweza kulala mshazari, mgongo ukanyooka, bila kitu kinachokusukuma.

Hata hivyo, mfarishi wa chini unadai subira. Kamba zikilegea, hubaki nafasi kati yake na bembea, na upepo ukiingia humo ni sawa na kutokuwa nao kabisa. Zikikazwa mno, manyoya hubanwa na tunarudi kwenye tatizo la mwanzo. Namna ya kuhakiki ni kulala ndani jinsi utakavyolala usiku, kisha kumwomba mwenzako apitishe kiganja kati ya vitambaa viwili: asikute uwazi, na pia asilazimike kusukuma. Ukisikia baridi mahali pamoja tu, kwa mfano chini ya mabega, usikimbilie kuongeza nguo, bali usogeze mfarishi upande wa kichwani na uzibe ncha zake vizuri. Upo pia mfarishi mfupi unaoanzia mabegani na kuishia magotini. Huo hupunguza uzito na bei, na kipande kidogo cha povu chini ya miguu huziba pengo lililobaki.

Manyoya ya bata au nyuzi za sintetiki? Manyoya ni mepesi na hujikunja kuwa mzigo mdogo, lakini yakilowa hushikana na kupoteza karibu faida yake yote. Kwa Usambara, ambako ukungu huingia msituni na kila kitu huamka na unyevu, mimi ningechagua sintetiki hata kama begi litajaa zaidi.

Kikwazo kikubwa ni bei, kwani mfarishi wa manyoya unaoagizwa nje mara nyingi huizidi bei ya bembea yenyewe. Ndiyo maana napendekeza njia ya mitumba. Kwenye soko la Memorial pale Moshi, au Karume jijini Dar es Salaam, tafuta mfuko wa kulalia wenye zipu ndefu, ufumue sehemu ya miguuni, kisha upitishe bembea nzima katikati yake kabla ya kuitundika. Utalala ukiwa umezungukwa juu na chini, na sehemu ya chini haitabanwa mradi umeuacha mfuko ulegee kidogo. Haupendezi machoni, na kuingia na kutoka usiku ni kazi, lakini unafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya gharama.

Turubai nalo ni sehemu ya joto, ingawa wengi hulihesabu kuwa la mvua tu. Likifungwa chini na kuinamia upande upepo unakotoka, huipunguzia bembea ule upepo unaoiba joto, na mfarishi wa wastani huanza kufanya kazi kama mfarishi mzuri. Funga pia uzi mfupi kwenye kila mkanda, kati ya mti na bembea, ili maji yanayotiririka kwenye mkanda yadondokee hapo badala ya kukufikia. Usifunike pua na mdomo ndani ya mfuko, kwani mvuke wa pumzi huulowesha. Vaa kofia ya sufu.

Kwa anayekwenda milimani mara moja moja, ushauri wangu ni mkeka wa povu wenye mabawa pamoja na mfuko wa kawaida, na ikibidi alale chini, kama kule Kitulo ambako ni nyasi tupu, hatakuwa amebeba kitu cha bure. Anayelala msituni kila kipupwe anunue mfarishi wa chini wa sintetiki wenye urefu kamili. Wote wawili watumie mikanda mipana, isiyopungua sentimita 2.5, ili isikate magome, wakwepe miti mikavu, na waulize kwanza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) inayosimamia hifadhi husika kama kufunga bembea kwenye miti yake kunaruhusiwa.