Bafu la nyumba ya mawe: chokaa au tailizi?
Kama nyumba ni ya zamani, ya Lamu au Mji Mkongwe, bafuni mimi nasema chokaa bila kusita, maana ukuta wa mawe ya matumbawe unabeba unyevu na chumvi, chokaa inauacha upumue ila ukibandika tailizi kwa simenti maji yananasa humo ndani na baada ya muda zinaanza kubanduka. Halafu lile birika la kizamani, yaani tangi la maji ya kuogea linalojengwa humo bafuni, sahani ya Kichina imejengewa chini na visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu, jamani uzuri ule tailizi zitautoa wapi! Jikoni lakini, pale nyuma ya jiko na sinki, weka tailizi tu, mafuta unafuta mara moja, na ndimu ikirukia chokaa inaila.