TAHADHARI: Vipuri vya presi za risasi "vilivyochongwa kuingia mashine mpya"

Wenzetu mlio Marekani mnaojaza risasi wenyewe kwa uwindaji au shabaha, kuna muuzaji mtandaoni anayeuza vipuri vya presi (mashine za kujazia risasi) za zamani akidai amevirekebisha viingie mashine mpya. Picha zote kapiga kwa juu, bei ni kama nusu ya kipya, harudishi mali, na hela anaitaka kwa Zelle au PayPal ya "marafiki na familia", ambako mnunuzi hana kinga. Akaunti anabadilisha, basi mtambueni kwa mali yake.

Kubwa analouza ni sahani za kushikia maganda za presi ya Lock-N-Load AP ya kampuni ya Hornady. Hornady walipoleta mfumo wa EZject wa kutoa risasi iliyokwisha kujazwa, sahani za awali zilihitaji kuchongwa. Hiyo ni kazi ya milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa vipimo). Za huyu bwana zimepitishwa grenda ya mkono. Geuza sahani: ukiona mikwaruzo ya duara na rangi ya bluu, chuma kimeungua na ugumu wake umepungua. Gusa pembeni kwa tupa ndogo. Chuma kigumu huiteleza tupa, kilicholainika hulika. Sahani laini hupanuka mdomo, ganda hucheza, praima (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) huingia upande.

Vishikio vya ganda vya presi za kawaida navyo anavikwangua juu. Chukua venia (kifaa cha kupimia unene na kina): kutoka kitako cha ganda kinapokaa hadi uso wa juu panatakiwa inchi 0.125 (mm 3.175). Ikipungua hata inchi 0.010, dai (kifaa cha presi kinacholirudishia ganda umbo lake) hushuka zaidi na kulisukuma bega la ganda, pale linapoanza kusinyaa, nyuma kupita kiasi. Kwa risasi kama .308 Winchester, ganda hilo litakuwa fupi ndani ya chemba (pahala pa risasi nyuma ya mtutu), litavutika kila likifyatuliwa, na halichelewi kukatika juu kidogo ya kitako. Gesi ikivuja inarudi upande wa uso wako.

Pini ya kusukumia praima iliyopigwa tupa ikawa fupi ni hatari nyingine. Praima ikae sawa na kitako au chini yake kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha kidole, ikiwa imetokeza, kwenye bunduki ya kujipakia inaweza kulipuka kabla boliti, kifungio cha nyuma ya mtutu, haijafunga.

Lakini kibaya kuliko vyote ni kipimia baruti cha zamani cha kampuni ya Dillon, kile kinachorudishwa na springi. Vya baadaye vina fimbo inayovuta upau (kipande kinachobeba baruti) urudi kwa lazima. Muuzaji anatoboa mkono wa kile cha zamani, anafunga waya, anakiita "toleo jipya". Waya ukipinda, upau haurudi mpaka mwisho, na ganda linalofuata linapata baruti kidogo au halipati kabisa. Praima peke yake inatosha kusukuma kichwa cha risasi kikwame mtutuni. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka. Ukiwa nacho tayari, mimina mara 10 na upime kila mmoja kwenye mizani: kwa baruti ya bastola, tofauti ikizidi greni 0.2 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kitoe mezani.

Si kila kuchonga ni dhambi. Mpini, stendi, kikapu cha maganda, chonga upendavyo. Dai za uzi wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi, huingia presi nyingi za zamani na mpya bila kuguswa, kwa hiyo anayekutoza "marekebisho" ya hizo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Presi ya Square Deal B ya Dillon ina dai zake yenyewe. "Adapta" yake usiiguse.

Kabla ya kulipa, omba picha ya upande wa chini ikiwa na venia juu yake. Uliyelipa kwa kadi, piga picha kipuri kabla hujakifunga, kisha fungua pingamizi benki. Risasi ulizokwisha kuzijaza kwa vipuri hivyo, zifumue kwa nyundo ya kufumulia, usizijaribu kwenye bunduki.