Kuchagua fremuweki ya wakala wa AI: kwanza jua tokeni zinaenda wapi

Fremuweki (msimbo uliotayarishwa) nyingi za kujengea mawakala wa AI, yaani programu zinazoipa modeli zana za kufanyia kazi, ni za bure. Bili huja kwenye tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika. Wakala ni kitanzi tu: modeli inataja zana, programu yako inaiendesha, jibu linarudi, mzunguko unaanza tena, na kila mara historia yote inatumwa upya. Kila mzunguko ukiongeza tokeni 2,000, mizunguko 10 itakula tokeni 110,000, si 20,000. Fremuweki inayokuficha kinachotumwa kwa modeli iache, hata kama inasifiwa na kila mtu.

Nafasi ya kwanza: Python bila fremuweki. Chukua maktaba rasmi ya mtoa modeli, maktaba ya Pydantic ya kukagua data za zana, na kitanzi chenye kikomo. Zana ikishindwa, usiache programu ife. Mrudishie modeli ujumbe wa kosa, na mara nyingi itajisahihisha. Wanaolalamika kwamba Python ni nzito wanasahau kuwa wakala hutumia muda mwingi kusubiri mtandao. Zana zikiitwa kadhaa kwa mpigo, asyncio, sehemu ya Python ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, inatosha.

Ya pili ni LangGraph, fremuweki inayogawa kazi katika hatua ziitwazo nodi, kwa kazi ya saa nyingi au inayongoja idhini ya mtu. Huhifadhi hali hatua kwa hatua, lakini InMemorySaver, hifadhi yake ya kwenye RAM, ni ya majaribio tu: seva ikizimika, kumbukumbu imekwenda. Weka hifadhidata ya Postgres. Kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: nodi iliyosimamishwa kwa `interrupt` (amri ya kungoja mtu) ikiendelea, huanza upya tangu mstari wake wa kwanza. Barua pepe iliyotumwa kabla ya kusimama itatumwa tena, kwa hiyo ihamishie kwenye nodi inayofuata.

Ya tatu, lugha ya TypeScript na maktaba ya AI SDK ya Vercel, kama bidhaa yako ni tovuti. Maktaba ya Zod hukagua data, na majibu hutiririka vizuri kwenye kivinjari. Angalia tu kikomo cha muda cha seva yako, maana kinaweza kumkata wakala katikati ya kazi.

CrewAI, fremuweki ya mawakala wengi wanaoshirikiana, naiweka mwisho. Inapendeza kwenye maonyesho, ila mawakala wanaopigiana soga wanachoma tokeni, na kosa halionekani lilipoanzia.

Lugha ya Go? Ndiyo, kama timu tayari inaiandika.

Vyovyote uchaguavyo, zana ziweke nyuma ya MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa Novemba 2024. Ukibadili fremuweki, zana hazitaandikwa upya.