Kukodi biti au kununua haki za kipekee: uzoefu wangu

Nimetoa nyimbo kwa biti (muziki ulio tayari, bila sauti ya mwimbaji) za kukodi na kwa biti niliyoinunulia haki za kipekee, yaani haiuzwi tena kwa mwingine. Kwa nilivyoona, kodi kwanza, ila usikodi MP3 tupu. Chukua leseni inayokupa WAV, faili la sauti lisilopunguzwa ubora, pamoja na vipande vya biti vilivyotenganishwa: ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Kwenye wimbo wangu wa mwanzo filimbi ilikuwa inagombana na sauti yangu, na fundi wa miksi hakuwa na la kufanya zaidi ya kushusha biti nzima. Tulipopata vipande alipunguza filimbi tu, maneno yakasikika.

Leseni nyingi za kukodi huweka kikomo cha mara wimbo utakazosikilizwa mtandaoni, nakala utakazouza na muda wa kuutumia. Ukivuka, unalipia leseni kubwa zaidi. Mimi kikomo hakijanisumbua (tuseme ukweli, wengi wetu hatukifikii). Kilichonikera ni kwamba biti ya kukodi huuzwa kwa yeyote, na mmoja wa waliokodi ile yangu akausajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, jambo ambalo mikataba ya kukodi kwa kawaida hulikataza. Mfumo ule hulinganisha sauti. Haujui nani kalipia nini. Video yangu ikapigwa dai la hakimiliki. Nilipinga kwa kutuma mkataba na risiti, dai likaondolewa, lakini fikiria ningekuwa nimeifuta ile barua pepe yenye mkataba!

Haki za kipekee nilizinunulia wimbo ambao tayari ulikuwa umeanza kushika. Biti ikaondolewa sokoni na kikomo kikaisha. Hadi hapo nimeridhika. Ila wauzaji hawalisemi kwa sauti kubwa hili: waliokodi kabla yako wanaendelea na leseni zao mpaka ziishe. Prodyuza naye hubaki mtunzi mwenza. Mkataba wangu unampa nusu ya haki za utunzi, na naona ni halali yake, melodi katunga yeye. Anayetaka kumiliki kila kitu anahitaji mkataba wa kuhamisha hakimiliki yenyewe, nao bei yake ni nyingine kabisa.

Tena haki za kipekee hazikukingi na sampuli, yaani kipande cha kazi ya mtu mwingine kilichotiwa kwenye biti, ambayo prodyuza hakuiombea ruhusa. Rapa Lil Nas X alichukua biti ya wimbo wake "Old Town Road" kwa prodyuza YoungKio kupitia BeatStars, soko la biti mtandaoni, mwaka 2018, na ndani yake mlikuwa na kipande cha bendi ya Nine Inch Nails. Wimbo ulipolipuka mwaka uliofuata, ruhusa ikabidi itafutwe, na Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wakaandikwa miongoni mwa watunzi. Lil Nas X alikuwa na wimbo uliokaa wiki 19 kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa hiyo kulikuwa na cha kugawana. Mimi na wewe tungeshushiwa wimbo tu. Siku hizi, kabla ya kuuliza bei, nauliza kama kuna sampuli, na jibu nalitaka kwa maandishi.

Sasa hivi nimekodi biti moja ambayo naiona ina dalili nzuri. Nimemwomba prodyuza aandike kwenye mkataba kwamba akitokea mnunuzi wa haki za kipekee, ataniuliza mimi kwanza. Wapo wanaokataa, huyu kakubali, wala hakuniongezea hela.