FreeCAD kwa nyuzi za skrubu zinazoishia katikati ya silinda: uzoefu wangu

Kwa boliti yenye nyuzi upande mmoja na shina laini upande wa pili, FreeCAD 1.0, programu ya bure ya kuchora vitu vya 3D, inanitosha kabisa. Sioni haja ya kulipia programu nyingine kwa kazi hii. Ila zana yake ya Subtractive Helix, inayozungusha mchoro kwa njia ya hesi na kukata mfereji kwenye silinda, hukata kwa namba ulizoipa tu, kwa hiyo hesabu za uzi zifanye kabla ya kuigusa.

Tuchukue M10 (boliti ya kipenyo cha mm 10) yenye pichi, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, ya mm 1.5: silinda ya kipenyo cha mm 10, urefu mm 40, ncha ikiwa kwenye Z sifuri. Kwenye bapa la XZ nachora trapeza ya mfereji. Chini upana wake ni mm 0.375, pembe kati ya kuta zake ni digrii 60, na kina ni mm 0.812 kutoka usoni mwa silinda. Mdomo, yaani upana wake usoni mwa silinda, unafika mm 1.3125.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mchoro ukiishia sawasawa na uso wa silinda, kingo zinagusana bila kuvukana, na mkato unaacha ngozi nyembamba au unagoma. Lazima utokeze nje kidogo. Ukiutokeza mno, mdomo unakuwa mpana kuliko pichi na mfereji unajikata wenyewe kwenye mzunguko unaofuata. Kwa pichi hii kikomo ni mm 0.162. Mimi naweka 0.1, mdomo unakuwa 1.428, ukiweka 0.2 unapata 1.543, na hapo umeshavuka.

Mchoro unaanzia Z −1.5, yaani pichi moja nje ya ncha, ili uzi uingie ukiwa mzima. Mhimili ni Z, pichi 1.5, mizunguko 14. Jumla ni mm 21, na mm 1.5 za mwanzo ziko hewani, kwa hiyo nyuzi halisi ni mm 19.5. Idadi ya mizunguko iwe namba nzima, maana mkato utaishia kwenye bapa lile lile la XZ, na utalihitaji tena.

Ukiishia hapo, uzi unakoma ghafla kwa ukuta wima, jambo ambalo kisu cha lathe (mashine ya kukereza) hakifanyi. Nakili mchoro hadi Z 19.5, ukiushikiza kwenye bapa la XZ la asili, kamwe si kwenye uso wa uzi uliokwisha kukatwa. Kisha ita Subtractive Helix tena, hali ya Height-Turns-Growth: kimo 0.75, mizunguko 0.5, ukuaji 2. Ukuaji huhesabiwa kwa mzunguko mzima, hivyo katika nusu mzunguko mchoro unasogea nje mm 1, nawe unahitaji 0.912 tu. Uzi unafifia taratibu hadi usoni. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika programu hii.

Nati haitapita kwenye sehemu inayofifia. Ikibidi ifike hadi begani, yaani pale shina laini linapoanzia, acha kufifisha. Kata mfereji wa duara wenye kipenyo kidogo kuliko mm 8.376 mahali nyuzi zinapoishia.

Vipimo hivi haviachi nafasi yoyote kati ya boliti na nati. Kwa kuchapa kwa plastiki napunguza nusukipenyo cha silinda na cha mchoro kwa mm 0.15 hadi 0.2, la sivyo nati inakwama. Na kama nyuzi zitakatwa karakanani kwa dai (kifaa cha mkono cha kukatia nyuzi), usizichore kabisa: acha silinda laini, andika M10 × 1.5 na urefu wa nyuzi kwenye mchoro wa kazi, na faili litabaki jepesi.