London Tribunals: Huduma ya Rufaa kwa Anayesita Kulipa Tiketi ya Maegesho

London Tribunals ni baraza linalosikiliza rufaa dhidi ya tiketi za maegesho, yaani notisi za faini ya kuegesha gari, zinazotolewa na halmashauri za London. Waamuzi wake ni wanasheria wanaojitegemea, rufaa haina ada, na mwenye gari anaweza kuomba aamuliwe kwa nyaraka peke yake au asikilizwe. Akishindwa, kwa kawaida hatozwi gharama za upande wa pili, isipokuwa mwenendo wake uwe wa kipuuzi au wa usumbufu wa makusudi. Kwa mambo hayo naipa huduma hii alama za juu.

Tatizo liko kwenye njia ya kulifikia baraza. Aliyebandikiwa tiketi kwenye kioo cha gari hupinga kwanza kwa halmashauri yenyewe. Akikataliwa na bado hataki kulipa, husubiri notisi rasmi inayotumwa kwa mmiliki wa gari, ana siku 28 za kuwasilisha hoja zake, halmashauri nayo ina hadi siku 56 za kujibu, na jibu likiwa la kukataa ndipo anapopata siku nyingine 28 za kukata rufaa. Punguzo la nusu ya faini, ambalo hupewa anayelipa ndani ya siku 14, huwa limeshampita zamani. Kwa hiyo rufaa hii ya bure ina bei, nayo ni ile nusu. Ahueni ni kwamba anayepinga mapema, ndani ya siku hizo 14, kwa kawaida hupewa tena nafasi ya punguzo hata akikataliwa, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuiacha hatua hiyo ikiwa kuna hoja yoyote ya maana.

Hoja ya maana ni ile yenye ushahidi: picha ya mistari iliyofutika, kibao kinachopingana na alama za barabarani, risiti ya malipo, au tiketi iliyoandikwa kabla ya kwisha kwa dakika 10 za ziada ambazo sheria, tangu mwaka 2015, inampa aliyelipia maegesho. Kisa cha kusikitisha, hata kiwe cha kweli, kipelekwe halmashauri, kwani mwamuzi hana uwezo wa kufuta faini kwa huruma. Anaweza tu kuishauri halmashauri iangalie upya.

Tiketi za kampuni binafsi za maegesho hazimo katika huduma hii, na wanaosema zitupwe tu wanapotosha: mwaka huohuo wa 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya kampuni ya ParkingEye dhidi ya dereva Beavis, iliamua kwamba tozo ya pauni 85 ilikuwa halali.

Anayekusudia kupinga asilipe kwanza kwa matumaini ya kurudishiwa baadaye, kwa sababu malipo hufunga shauri.