Pikapu kuukuu yenye kutu: kiraka au bati jipya?

Kabla hujaamua, gonga bati kwa mpini wa bisibisi, kisha lichokoe kwa ncha. Ncha ikizama, kutu imeshakula kutoka ndani, na kile kipovu cha rangi nje ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Kiraka kinafaa tundu dogo mahali palipo bapa. Fundi akate mpaka chuma king'aacho, achomelee bati la unene uleule nukta kwa nukta, akiliacha lipoe, maana joto likizidi bati hupinda. Kupaka puti (ile rojo ya kujazia na kusawazisha bati) juu ya kutu sikubali kabisa: huvuta unyevu na baada ya muda hubanduka.

Bati zima ni ghali zaidi, ila madigadi ya mbele kwa kawaida hufungwa kwa bolti. Hapo usihangaike na viraka, badilisha tu. Ubavu wa nyuma na kizingiti cha mlango vimechomelewa, hivyo kazi ni kubwa. Mimi huweka kiraka ikiwa kingo za bati hilo bado ni nzima.

Vyovyote vile, kagua chasisi, yaani fremu ya chini ya gari, kwanza, na ukimaliza nyunyizia nta upande wa ndani, kusikofikiwa na brashi.